Kukwangua tanuri la koka kwa pigi: huduma ilivyokuwa, na nitakachodai wakija tena

Kwa mwenye haraka: ndiyo, ningewaita tena wakandarasi waliokwangua mabomba ya tanuri letu kwa pigi, yaani magogo mafupi yenye vijino yanayosukumwa na maji ndani ya bomba. Ila si kwa mkataba ule, na nisingewaruhusu wakunje mipira yao ya maji kabla chati ya shinikizo ya kila njia ya mabomba haijawekwa mezani na kusomwa na mtu asiye na ndege ya kuwahi. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu nina malalamiko nayo na haipo hapa kujitetea. Kiwanda changu pia sikitaji, maana ndicho kinachonilisha.

Mimi ni opereta wa shifti kwenye koka, yaani mtambo wa kuvunja mabaki mazito ya mafuta kwa joto, huku Ghuba. Wasomaji wa Kiswahili walioko Sohar, Duqm, Ruwais, Mina Abdullah au Yanbu wanaijua koka angalau kwa kuiona kwa mbali: yale madramu marefu yenye fremu ya chuma kichwani, yanayofuka mvuke usiku na mchana. Nilianza kazi Changamwe, kiwanda kilichofunguliwa 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Kule hatukuwa na koka. Mabaki mazito yaliuzwa kama mafuta ya kuchomea, yakaondoka. Huku mabaki ya namna hiyo, yale yanayotoka chini ya mnara wa vakyumu na ambayo yakipoa hayasogei, ndiyo malighafi yetu.

Kazi yenyewe kwa ufupi. Mafuta hayo yanapita kwenye tanuri mpaka yafikie joto la karibu nyuzi 500 za Selsiasi, halafu yanaingia kwenye dramu, na humo ndimo yanamovunjika. Gesi na mafuta mepesi yanapanda kwenda kwenye mnara wa kutenganisha, na koki, yaani makaa magumu ya mafuta, inabaki dramuni. Dramu moja ikijaa tunageuza vali, mafuta yanaingia ya pili. Ile iliyojaa inapozwa kwa mvuke kisha kwa maji, inafunguliwa, na koki inakatwa kwa maji ya shinikizo kubwa. Ujanja wote uko kwenye kuchelewesha: mafuta yapate joto la kuvunjika ndani ya tanuri, lakini yasivunjike mpaka yatoke. Ndiyo maana tunayakimbiza mbio kwenye mabomba na kudunga mvuke ili yazidi kukimbia. Tangu koka ya kwanza ya aina hii ijengwe Whiting, Indiana, mwaka 1929, hakuna aliyeweza kuchelewesha kikamilifu. Kiasi kidogo huvunjika njiani, hushika ukuta wa bomba, na juu yake hushika kingine. Sisi watu wa pwani tulioko hapa tunauita ukoko, na hauna tofauti kubwa na wa sufuria ya wali: moto mkali ukutani, chakula kimetulia pale pale.

Tanuri letu lina njia nne za mabomba. Kila njia ina vali yake, mvuke wake na thamokapo (vipimajoto) zilizochomelewa kwenye ngozi ya mabomba, yaani uso wake wa nje. Ukoko ukianza kukaa, namba ndizo zinazosema kwanza. Ukoko haupitishi joto vizuri, kwa hiyo ili mafuta yatoke na joto lile lile inabidi moto uongezwe. Moto ukiongezwa ngozi ya bomba inapanda, na ngozi ikipanda ukoko unazidi kuoka. Wakati huo huo nafasi ndani ya bomba inapungua, shinikizo la kuingilia linapanda, vali inafunguka zaidi kusukuma kiasi kile kile. Mabomba ya chuma chenye kromi asilimia 9, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye matanuri haya, mengi huwekewa kikomo cha ngozi mahali fulani kati ya nyuzi 650 na 700, kutegemea unene na umri wake. Ukifika hapo huna ujanja: unapunguza mafuta au unazima.

Thamokapo nazo si za kuaminiwa kichwa kichwa. Kinga yake ikibanduka inapima moto wa tanuri badala ya bomba, na unaweza kumtoa mhandisi kitandani saa nane za usiku kwa namba ya bure. Kwa hiyo tunapita na kamera ya joto, na tunachungulia kwa macho kwenye vidirisha vya tanuri. Bomba lenye ukoko lina mabaka yanayong'aa kuliko jirani zake. Ukishayaona mara moja huyasahau.

Kilichotuharibia safari hii ni umeme kuyumba. Pampu inayolisha tanuri ilizima, mafuta yakasimama ndani ya mabomba huku matofali ya tanuri yana joto la kutosha kuendelea kuyapika. Mvuke wa dharura uliingia kuyasukuma kwenda kwenye dramu, isipokuwa njia ya tatu, ambako vali ya mvuke ilinata na kuchelewa. Baada ya kuwasha upya, njia tatu zilirudi karibu na hali yake. Ya tatu ilirudi na shinikizo jipya la kuingilia, na ngozi yake ikaanza kupanda kwa mwendo ambao hatukuwa tumeuzoea.

Hapa niseme jambo la pembeni, maana vijana wanaoajiriwa siku hizi hawalijui. Umeme ukikatika kwenye koka, tanuri ndilo linaloumiza pochi, lakini dramu ndiyo inayoua. Tarehe 25 Novemba 1998, kwenye kiwanda cha Equilon kule Anacortes, jimbo la Washington, dramu ilibaki na mafuta baada ya dhoruba kukata umeme. Ilipofunguliwa, mafuta ya moto yaliyokuwa bado ndani yalimwagika na kuwaka, na wafanyakazi 6 wakafa. Walidhani imepoa. Kwa hiyo kabla hujamlilia mtu wa pigi, hakikisha umeshughulika na dramu iliyolishwa nusu.

Turudi kwenye tanuri. Kuna njia ya kizamani ya kuutoa ukoko: unapitisha mvuke na hewa kidogo ndani ya mabomba mpaka uwake na kutoka kama moshi. Ukizidisha hewa bomba linaungua pamoja na ukoko, na moshi wenyewe leo hakuna mtu wa mazingira atakayeutilia saini. Hatukuifikiria hata kidogo.

Njia nyingine ni kuupasua ukoko huku mtambo ukiendelea na kazi. Unatoa mafuta kwenye njia moja tu, unaweka mvuke mahali pake, kisha unapandisha na kushusha joto la njia hiyo. Chuma na ukoko havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja, hivyo ukoko unapasuka, unabanduka, mvuke unaubeba mpaka kwenye dramu. Njia nyingine zinaendelea na kazi. Hii tunaifanya wenyewe na nina heshima nayo. Lakini ina mambo yake. Ukiwa na pupa, vipande vinabanduka vyote kwa mpigo na kuziba bomba. Ukipitisha mvuke kwa kasi mno, vipande vinakwangua kona za mabomba kama msasa. Na kuna ukoko usiopasuka. Ule ulioshikana na chumvi na kutu hausikii joto kupanda wala kushuka. Njia ya tatu tuliipasua, shinikizo likashuka kidogo, kisha likagoma. Ndipo ofisi ikakubali kuzima na kuita watu wa pigi.

Nawasifu kuanzia kabla hawajafika. Waliomba michoro ya tanuri zima, kipenyo cha ndani cha kila sehemu, aina ya kila kona, na mahali flanji (viungo vya mabomba) zitakapofunguliwa. Hii si adabu tu. Mabomba ya tanuri la koka hayana lazima ya kuwa na kipenyo kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na pigi inayobana vizuri upande wa kuingilia inaweza kupita ikielea upande wa kutokea bila kugusa kitu. Walifika na malori yao ya pampu, lori moja likiwa na pampu mbili zinazojitegemea, ili njia mbili zisafishwe kwa wakati mmoja. Skafoldi ilikuwa tayari, pamiti ilikuwa tayari, na kwa mara ya kwanza nikaona wakandarasi ambao hawakuuliza choo kiko wapi kabla ya kuuliza mkutano wa usalama ni saa ngapi.

Pigi yenyewe niliishika. Ni gogo fupi la plastiki ngumu ya poliyurethani, butu mbele kama risasi, limejaa vijino vya chuma vilivyopandwa pande zote. Mpya, vijino vinakata glovu. Ikitoka baada ya safari kadhaa, vimelala au vimelika upande mmoja, na upande uliolika unakuambia ukoko umelalia wapi. Msimamizi wao, mzee wa Kiskoti mwenye vidole vilivyopinda, alikuwa anaipokea kila pigi kwa mkono, anaizungusha kwenye taa, anaitupa kwenye ndoo ya kwanza au ya pili. Sikumuona akiandika kitu, na hakuwahi kuchanganya.

Wanaanza na ya sponji laini, kuthibitisha kwamba njia ipo wazi. Halafu inaingia yenye vijino, ndogo kuliko bomba, inasukumwa na maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha maji yanageuzwa na inarudi. Inakwenda na kurudi hivyo mpaka isilete kitu tena, ndipo inawekwa nyingine iliyozidi milimita kadhaa. Mtu wa pampu amekaa kwenye kibanda cha lori, mkono mmoja kwenye wenzo wa kugeuza mtiririko, macho kwenye sindano ya shinikizo. Kwenye bomba safi sindano inatulia na kutikisika kidogo kila pigi inapopita kona. Penye ukoko inaruka. Kwa kuwa anajua maji yameingia kiasi gani, anajua pigi iko bomba la ngapi. Hapo ndipo penye utaalamu wote wa huduma hii. Plastiki na vijino unaweza kununua popote. Unachomlipia mkandarasi ni macho ya yule mtu kibandani.

Tatizo la kwanza lilikuwa la ukubwa. Kwenye njia ya pili, pigi ilikwama. Sindano ikapanda, ikasimama juu, na kibandani kukawa kimya. Kumbe mabomba machache yalikuwa yamebadilishwa miaka ya nyuma kwa mengine ya ukuta mnene zaidi, kwa hiyo nafasi ya ndani ilikuwa ndogo kuliko mchoro. Idara yetu ya uhandisi ilikuwa imewapa mchoro wa zamani. Lakini nao walipaswa kuuliza swali moja la kawaida sana: kuna bomba lililobadilishwa? Aliyeinasua alikuwa yule mzee. Hakuongeza shinikizo, ambayo ndiyo hamu ya kwanza ya kila mtu. Aligeuza maji, akapiga kidogo, akageuza tena, akaitikisa hivyo kwa subira mpaka sindano ikaanguka ghafla na pigi ikatoka kinyumenyume. Ingekataa, tungekata bomba.

Tatizo la pili lilikuwa kona za sehemu ya juu ya tanuri, ambako joto la moshi ndilo linalopasha mafuta. Sehemu ya chini ina kona za kuchomelewa, laini, pigi inapita bila shida. Juu kuna kona za zamani za kutupwa kwa kalibu, zenye vizibo vinavyofunguliwa. Ndani ya kona hizo kuna uwazi ambamo pigi inapoteza mwelekeo, maji yanaipita pembeni, inakaa. Dawa yake ni kuweka vizibo maalumu vilivyochongwa kujaza uwazi huo. Walikuja navyo, pungufu. Vilivyobaki vikaletwa kwa ndege, sisi tukisubiri. Hili siwasamehi, kwa sababu kona hizo zilikuwa kwenye mchoro wa zamani na kwenye mpya.

Maji nayo yalitupa kazi. Maji yanayorudi ni meusi, yana unga wa koki, na yana harufu ya salfa inayokufanya uangalie kipimagesi chako mara mbili. Wao wana matangi yao ya kuchuja na kuyatumia tena, jambo zuri, lakini vichujio viliziba upesi kuliko walivyotarajia na wakataka kumwaga kwenye mfereji wetu. Tulikataa. Unga ule ukifika kwenye mtambo wa maji machafu, msiba unahamia kwa jirani. Na ule uchafu unaokusanywa kwenye kikapu usiuache ukauke juani: salfidi ya chuma iliyomo inaweza kujiwasha yenyewe ikikutana na hewa. Wao walilijua hilo, waliuweka ukiwa na maji muda wote, na hapo nawapa alama kamili.

Sasa njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyotufanya tuwaite.

Nina mwenzangu wa shifti, Mwomani ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Yeye alikuwa amekaa kibandani akiangalia chati wakati mimi niko kwenye vali.

"Ami, hebu njoo utazame," aliniita kwenye redio.

Nikapanda. Pigi ya ukubwa kamili ilikuwa inakwenda na kurudi, maji yanarudi karibu meupe, kikapu hakina kitu. Kwa macho ya mgeni, kazi imekwisha.

"Sindano inaruka pale pale kila ikipita," akasema. "Wanasema kona."

"Basi si kona, mwanangu?"

"Kona gani, ami? Tumepita kona kibao, zote zimetikisa kidogo. Hii inaruka mara mbili yake. Na angalia ikirudi: inaruka mahali hapo hapo."

Alikuwa na haki. Mruko unaotokea mahali pamoja, kwenda na kurudi, ni kitu kilichokaa ukutani. Tukamwita mtu wao wa zamu ya usiku, maana mzee alikuwa amelala. Akasema ni bomba lililopinda kidogo kwa joto, pigi inabana hapo, si ukoko. Yawezekana, mabomba hupinda. Lakini namna ya kuthibitisha ilikuwepo: weka pigi yenye vijino vikali zaidi, ipitishe kipande kile tu, mbele nyuma, uone kama mruko unapungua. Unapungua, ni ukoko. Haupungui, ni bomba. Mhandisi wetu wa zamu alikuwa na ratiba ya kuwasha inayompumulia kisogoni, na mkataba ulisema tu kwamba mabomba "yawe safi". Safi kwa kipimo gani, haukusema. Ikatiwa saini.

Halafu wakapitisha pigi ya kupimia. Hii ni chombo cha heshima: inatembea ndani ya bomba ikituma mawimbi ya sauti kwenye ukuta na kurekodi unene na kipenyo cha ndani, bomba kwa bomba. Hii peke yake, kwangu, inahalalisha bei ya kuwaita. Ilituonyesha kona kadhaa zilizolika upande wa nje, pale pale ambapo vipande vya ukoko hugonga tunapopasua kwa mvuke. Miaka yote tuligombana kama kupasua kunakula chuma au hakuli. Sasa kuna picha yenye rangi. Baadhi ya kona zilibadilishwa kabla ya kuwasha. Na kwenye njia ya tatu, kwenye kipande kile kile cha mruko, ripoti ya awali ilionyesha pengo: hakuna kipimo. Mawimbi hayapiti vizuri kwenye ukuta wenye ukoko. Ripoti kamili ilipokuja wiki kadhaa baadaye, pengo lilikuwa bado lipo, safari hii na maandishi madogo chini yake kwamba huenda kuna mabaki. Mtambo ulikuwa umeshawaka.

Tulipowasha, tofauti ilionekana shifti ile ile. Moto ulipungua kwa uzalishaji ule ule, vali zilirudi katikati, mabaka yakatoweka kwenye vidirisha. Njia ya kwanza, ya pili na ya nne zimekaa vizuri tangu hapo. Ya tatu ilianza vizuri pia, kisha thamokapo moja ikaanza kupanda kabla ya wenzake. Ni ile iliyo karibu na kile kipande.

Kwa hiyo tuliwaandikia. Jibu lao lilikuwa la adabu na halikuwa na kitu: kazi ilikubaliwa kwa saini. Na ni kweli ilikubaliwa.

Jambo moja ambalo hawakulifanya, na ambalo nadhani lilipaswa kuwa sehemu ya huduma, ni kuuchunguza ukoko wenyewe. Tulichukua vipande wenyewe kutoka kwenye kikapu tukavipeleka maabara yetu. Vya njia nyingine vilikuwa vyeusi, vinang'aa, vinavunjika kwa vidole. Vya njia ya tatu vilikuwa na tabaka mbili: upande wa mafuta mweusi, upande wa ukuta wa kijivu na rangi ya kutu, mgumu kama kigae. Ukivichoma, vya kwanza vinabaki na majivu kidogo tu. Vya tatu vinabaki na majivu mengi, chuma na sodiamu ndani yake. Hiyo ndiyo sababu kupasua kuligoma. Na hiyo inamaanisha umeme haukuwa mkosaji pekee. Sodiamu inatoka mbali: kwenye mtambo wa kuondoa chumvi unaovusha maji, au kwenye kostiki soda inayodungwa kwenye mafuta ghafi kuzuia kutu huko mbele. Ikifika tanurini inaharakisha ukoko, na hapo hakuna mvuke wala pigi itakayokuokoa. Utakuwa unalipa kukwangua kila mara. Kuna viwanda vinavyochanganya mafuta ghafi yasiyopatana, asfaltini (chembe nzito zaidi za mafuta) zikaganda zenyewe kabla hata hazijafika kwenye moto, kisha lawama ikaangushiwa mtu wa tanuri.

Povu nalo lina watu wanaolichanganya na suala hili. Dramu ikifura, unga wa koki na mafuta mazito yanapanda mpaka kwenye mnara, yanashuka chini yake, yanaziba machujio ya pampu inayolisha tanuri, na pampu ikikosa pumzi, mafuta tanurini yanapunguza mwendo. Dawa ya povu ya silikoni inasaidia, ila ukiimwaga ovyo silikoni inasafiri na nafta (mafuta mepesi) na kuua kichocheo cha mtambo unaofuata. Mkandarasi wa pigi hana jibu la hayo na hakudai kuwa nalo. Nayataja kwa sababu bosi mmoja alitegemea kuwa baada ya kukwangua, machujio yataacha kuziba. Hayakuacha.

Kama kiwanda chenu kinafikiria huduma hii, bei msiikubali ya siku kwa siku wala ya jumla tupu. Ya siku kwa siku itawapa watu wanaokunywa chai. Ya jumla itawapa watu wanaokimbia, kama tuliowapata sisi usiku ule. Chukueni ya jumla yenye kipimo kilichoandikwa: kwa kiasi fulani cha maji, pigi ya ukubwa kamili ipite kila njia kwa shinikizo lililokokotolewa la bomba safi, mara kadhaa mfululizo, bila mruko unaojirudia mahali pamoja. Pigi ya kupimia isome urefu wote wa bomba, na penye pengo warudi kukwangua kwa gharama yao kabla flanji hazijafungwa. Chati zibaki kwenu, si picha za simu. Wapeni vipenyo vya leo, si vya siku ya uzinduzi. Ulizeni vizibo vya kona kwa idadi, kimoja kimoja, wakiwa bado kwao. Na mkae na mtu wenu kibandani, zamu zote mbili, mtu aliyewahi kusoma geji.

Kama ukoko wenu ni mweusi, unavunjika kwa vidole na majivu yake ni machache, jaribuni kupasua kwa mvuke kwanza, mapema na polepole, kabla ngozi haijakaribia kikomo. Mtaokoa fedha nyingi. Ukiwa wa kijivu, msipoteze muda.

Sisi tutaizima tena tanuri hili, na jina lao limo kwenye orodha ya watakaoombwa bei. Nimeandika kwenye maombi kwamba yule mzee awepo, na awe zamu ya usiku. Wakijibu kwamba amestaafu, nitataka kuona bei za wengine pia, maana nusu ya nilichokisifu hapa ni yeye.